Ndugu Yetu Haonekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Polisi na Taarifa za Watu Waliopotea

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayesoma huku simu ya mpendwa wake haipatikani. Kama ndiyo hali yako, soma maswali mawili ya kwanza, kisha uende kituoni. Mengine utayasoma ukiwa kwenye benchi la kusubiria. Sheria hutofautiana nchi na nchi, ila kazi yenyewe ya kumtafuta mtu hufanana karibu kila mahali. Polisi hupima uzito wa taarifa kwa hatari wanayoiona ndani yake, na hatari hiyo wanaijua kupitia kinywa cha ndugu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu wewe utasema nini, lini, na kwa nani.

Ni kweli lazima saa 24 zipite kwanza?

Hapana. Kauli hiyo imeenea mno, hata baadhi ya askari wa zamu huirudia, lakini haina msingi wowote katika kazi ya upelelezi. Marekani ilipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1990 utaratibu wa kusubiri pale anayetafutwa ni mtoto, na mwaka 2003 ikaongeza umri huo ili kuwahusisha vijana wote walio chini ya miaka 21. Katika England na Wales, mwongozo wa polisi unamhesabu mtu kuwa amepotea tangu pale asipojulikana alipo, mpaka apatikane na hali yake ithibitishwe. Hautaji idadi yoyote ya saa.

Saa za mwanzo ndizo zenye thamani kuliko zote. Utafiti wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington nchini Marekani, uliohuishwa mwaka 2006, ulichambua kesi za watoto waliotekwa kisha wakauawa, ukakuta kwamba asilimia 76 ya watoto hao walikuwa wameshauawa ndani ya saa tatu. Kesi za aina hiyo ni chache sana, na watoto wengi mno wanaopotea hurudi wakiwa salama. Hata hivyo takwimu hiyo inatosha kuonyesha kwamba kumwambia mzazi arudi kesho asubuhi ni kosa zito.

Wala si utekaji tu. Mgonjwa wa kisukari aliyeacha insulini nyumbani, bibi aliyetoka na kanga moja usiku wa baridi, kijana aliyetuma ujumbe wa kuagana: kwa hawa, saa 24 ni nyingi kupita kiasi. Ukiona mtu hayupo pale anapopaswa kuwa, na jambo hilo si kawaida yake, una sababu ya kutosha ya kwenda kutoa taarifa. Akirejea jioni hiyohiyo, utawaarifu polisi na mambo yataishia hapo. Kutoa taarifa kwa nia njema si kosa, hata kama baadaye itaonekana alikuwa amelala kwa rafiki.

Nifanye nini kabla sijafika kituoni?

Machache, na kwa haraka. Kama ni mtoto mdogo, pekua nyumba yote kwanza: chini ya vitanda, ndani ya makabati, kwenye gari na buti lake, stoo, matangi na visima vya jirani. Watoto hujificha wakasinzia, au wakanasa mahali wasipoweza kujitoa. Piga simu kwa watu wawili watatu aliokuwa nao mara ya mwisho. Mwache mtu mmoja nyumbani, kwa sababu waliopotea wengi hurudi wenyewe na wanahitaji kukuta mlango wazi.

Chumba chake usikifanyie usafi. Shuka usizifue, taka usizimwage. Nguo aliyoivaa na ambayo haijafuliwa inaweza kumsaidia mbwa wa kunusa, na mswaki au kitana chake kinaweza kutoa vinasaba (DNA) vitakavyohitajika baadaye. Ukilazimika kuvigusa, tumia mfuko safi na usivichanganye na vitu vya mtu mwingine.

Usianze kuzunguka hospitali zote na mahabusu zote kabla ya kutoa taarifa. Familia nyingi hufanya hivyo kwa siku mbili tatu, zikidhani polisi ni hatua ya mwisho. Gawaneni: wengine wazunguke, mmoja awe tayari mbele ya askari.

Ni nani anaruhusiwa kutoa taarifa, na katika kituo kipi?

Mtu yeyote mwenye wasiwasi wa kweli: mzazi, mwenza, jirani, mwajiri, mwalimu, mwenye nyumba. Si lazima uwe ndugu wa damu. Kituo kilicho karibu nawe kinatosha kuanzia. Kama alipotea eneo lingine, wenye kazi ya kuipeleka taarifa huko ni polisi, kwa mawasiliano yao wenyewe, ingawa ndugu aliye karibu na eneo hilo akienda huko pia haidhuru.

Askari watataka kujua nini?

Jina kamili na majina mengine anayojulikana nayo, umri, urefu, umbo, rangi ya ngozi, nywele, makovu, alama za kuzaliwa, meno, michoro ya mwilini. Nguo alizovaa, hadi viatu. Picha ya karibuni ambayo haijapambwa kwa programu za simu. Picha ya sherehe yenye vipodozi vingi hupotosha kuliko kusaidia. Namba za simu zote, majina ya akaunti zake mitandaoni, benki anayotumia, gari au pikipiki pamoja na namba ya usajili. Ugonjwa, dawa, na nini hutokea asipozipata.

Kisha yatakuja maswali magumu. Mligombana? Ana deni? Ana mtu wa nje? Anatumia dawa za kulevya? Amewahi kujaribu kujiua? Kuna mtu aliyemtishia? Hapo ndipo ndugu wengi husita, kwa kuogopa kumwaibisha aliyepotea au kujiaibisha wenyewe. Nakuomba usifiche. Askari aliyeambiwa "alikuwa na furaha tu, hana tatizo na mtu" ataiandika taarifa hiyo kama ya mtu aliyechelewa kurudi. Akiambiwa kwamba juzi alifukuzwa kazi na jana aliwagawia wadogo zake vitu vyake vya thamani, ataita mkuu wake. Mtu ni yuleyule, ila taarifa ya pili itapata askari wengi zaidi, na mapema zaidi.

Kama unaona aibu kuyasema mbele ya shangazi na wajomba mlioongozana nao, omba kuzungumza na askari faragha. Hilo ni ombi la kawaida.

Hatari inapimwaje?

Kila jeshi la polisi lina fomu yake, na mengi hugawa taarifa katika viwango: hatari kubwa, ya kati, ndogo. Taarifa ya hatari kubwa huanza kufanyiwa kazi papo hapo. Ya kati hupangiwa mpelelezi na kazi za kufanya ndani ya muda mfupi. Ndogo hufuatiliwa kwa simu na kukaguliwa tena baada ya saa kadhaa.

Mambo yanayopandisha kiwango yanajulikana. Umri mdogo sana au mkubwa sana. Ulemavu wa akili, usonji, usahaulifu wa uzeeni. Dalili za kutaka kujidhuru. Ujauzito wa miezi ya mwisho. Ukatili wa nyumbani. Vitisho vya karibuni. Hali ya hewa. Mazingira ya kutoweka yasiyoeleweka, kwa mfano gari limekutwa njiani milango ikiwa wazi, au pochi, simu na dawa vyote vimebaki mezani. Na kuna kipengele ambacho watu hukidharau, nacho ni kama tendo hili haliendani na tabia yake. Mtu ambaye kwa miaka yote hajawahi kukosa kumpigia mama yake jioni, akikosa siku mbili, hiyo ni ishara nzito kuliko ukimya wa wiki mbili wa mtu anayesafiri ovyo bila kuaga.

Kiwango hicho hakigandi. Ukipata habari mpya, hata usiku wa manane, ipeleke na useme waziwazi: "Naomba hatari ipimwe upya." Daktari akikuambia kwamba asipopata dawa siku ya tatu ataanza kupata degedege, jambo hilo linatakiwa liwemo kwenye faili siku hiyohiyo.

Nimeshaandikisha. Sasa nini kinaendelea?

Kwanza hakikisha umepewa namba ya taarifa, ile ambayo wengine huiita OB na wengine RB. Bila namba hiyo huna ushahidi kwamba ulifika, na kila utakayempigia ataanza upya. Uliza pia jina la afisa aliyekabidhiwa jalada na simu anayopatikana.

Baada ya hapo, taarifa hupelekwa kwa doria na vituo vingine, na katika nchi zenye kanzidata ya kitaifa huingizwa humo. Nchini Marekani sheria inataka taarifa ya mtoto iingie katika mfumo wa kitaifa ndani ya saa mbili. Askari huangalia hospitali, mahabusu, na vyumba vya kuhifadhia maiti. Huenda mahali alipoonekana mara ya mwisho, huzungumza na watu wa hapo, na huomba picha za kamera za usalama. Kuhusu kamera, fuatilia bila kuona haya: mitambo mingi hufuta picha za zamani kwa kurekodi juu yake baada ya siku au wiki chache, na ikishafuta hakuna wa kuzirudisha. Unaweza kwenda mwenyewe kwa mwenye duka au mlinzi wa jengo ukamwomba asizifute picha hizo, hata kama atakataa kukuonyesha mpaka askari waje.

Pale panapoaminika kwamba mtoto ametekwa na yuko katika hatari, baadhi ya nchi hutoa tangazo la dharura kupitia redio, televisheni na simu za watu wote wa eneo husika. Mfumo maarufu zaidi, AMBER, ulianzia Texas mwaka 1996 baada ya kutekwa na kuuawa kwa msichana wa miaka 9 mjini Arlington. Hautumiki kwa kila anayepotea, na kwa sababu ya msingi: simu za watu zikilia kila siku, hakuna atakayeziangalia tena. Kwa hiyo usikate tamaa ukiambiwa kesi yako haijafikia vigezo vyake. Hilo halina maana kwamba hatafutwi.

Kwa nini wanapekua nyumba yangu na kunihoji kama mtuhumiwa?

Swali hili huumiza, na nimeona familia zikigombana na wapelelezi kwa ajili yake wakati ambapo kila dakika ilihitajika. Kupekua nyumbani ni hatua ya kawaida, hata ukiapa kwamba umeshatafuta kila kona. Askari wanatafuta mtoto aliyejificha, barua iliyodondoka nyuma ya kabati, chaja iliyokosekana, begi lililochukuliwa, dalili za vurugu. Macho ya mgeni huona alichozoea mwenyeji.

Kuhusu mahojiano, upelelezi huanzia kwa waliomwona mwisho na walio karibu naye, kwa kuwa hao ndio wenye habari nyingi, na pia kwa sababu wakati mwingine mhalifu ni wa ndani. Polisi wanaotaka kuendelea mbele wanalazimika kwanza kuwaondoa watu wa nyumbani kwenye orodha. Jibu kwa ukweli, eleza ulikuwa wapi, toa jina la aliyekuwa nawe. Ukiona maswali yamegeuka tuhuma za wazi, una haki ya kuwa na wakili, na kumwomba wakili hakukufanyi uwe na hatia.

Polisi wanaweza kuifuatilia simu yake?

Mara nyingi ndiyo, ila si kama watu wanavyodhani. Simu iliyowashwa huwasiliana na minara, na kampuni ya simu inaweza kueleza ni mnara upi. Hilo hutoa eneo, si chumba: mjini penye minara mingi eneo huwa dogo, kijijini linaweza kuwa kilomita kadhaa. Simu ikizimwa, kinachobaki ni mahali iliposhika mtandao mara ya mwisho, na hapo tayari pana mwanzo mzuri wa kutafutia. Kumbukumbu za simu zilizopigwa na kupokewa hubaki kwenye kampuni. Miamala ya pesa kwa simu na kadi za benki huacha saa na mahali.

Habari hizi ni za siri za mteja, kwa hiyo polisi huhitaji kibali, mara nyingi cha mahakama, isipokuwa pale ambapo sheria inaruhusu njia ya haraka kwa sababu uhai uko hatarini. Hapa tena, kiwango cha hatari kilichoandikwa siku ya kwanza ndicho kinachoamua kama afisa ana hoja ya kuomba njia hiyo.

Wewe unaweza kusaidia kwa kutafuta boksi la simu. Nje yake imeandikwa namba ya IMEI, ambayo huitambulisha simu hata laini ikibadilishwa. Kama mlikuwa mmeunganisha akaunti za kifamilia zinazoonyesha mahali, angalia, piga picha ya skrini, kisha uikabidhi kwa mpelelezi. Usiipigie simu yake mfululizo, kwa kuwa unaimaliza chaji. Tuma ujumbe mfupi. Huo utamsubiri hadi aiwashe.

Ni mtu mzima, wanasema huenda ameondoka kwa hiari yake.

Inawezekana ni kweli. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuhama, kukata mawasiliano, na kuanza maisha mapya bila kuomba ruhusa. Kupotea si kosa la jinai. Polisi wakimpata, watahakikisha yu hai na salama, na akisema hataki mjue alipo, watawaambia tu kwamba amepatikana. Uchungu wa jibu hilo naufahamu. Lakini sheria imewekwa hivyo kwa sababu wapo watoa taarifa ambao ndio waliokimbiwa: mume anayempiga mkewe naye huenda kituoni kuripoti kwamba mke amepotea.

Hata hivyo, "ni mtu mzima" si sababu ya kukataa kuandika taarifa. Uhiari unapaswa kuthibitishwa, si kudhaniwa. Na anayeondoka kwa hiari akiwa na mawazo ya kujiua yuko hatarini vilevile.

Binti yetu hutoroka mara kwa mara. Askari wamechoka nasi.

Wasichoke, nanyi msichoke. Mtoto anayetoroka tena na tena anastahili uangalizi zaidi kwa sababu hiyohiyo. Mara nyingi kuna kinachomsukuma kutoka nyumbani au shuleni, kama kipigo, kunyanyaswa kingono au kuonewa na wenzake. Au kuna kinachomvuta huko nje, mtu mzima anayempa simu, pesa na mapenzi ya uongo, au genge linalomtumia kubeba dawa za kulevya. Kila mara anapotoweka taarifa iandikwe upya na hatari ipimwe upya, kwa kuwa safari ya sita inaweza isifanane kabisa na tano zilizotangulia.

Akirudi, asiulizwe tu "ulikuwa wapi" kwa sauti ya hakimu. Katika England, mwongozo wa serikali unataka mtoto azungumze na mtu asiye polisi wala mlezi wake ndani ya saa 72 baada ya kupatikana. Hata pasipo na utaratibu rasmi, shangazi anayeaminika au mshauri wa shule anaweza kuifanya kazi hiyo.

Na mzee mwenye usahaulifu, au mtoto mwenye usonji?

Hawa hutafutwa kwa namna yao. Mzee mwenye usahaulifu huwa hajui kwamba amepotea: anakwenda mahali ambapo akilini mwake ndipo anapopaswa kuwa, kazini alikostaafu zamani, au nyumba ya utotoni. Haitiki akiitwa. Mara nyingi hupatikana si mbali na alipotokea, amekwama kwenye kichaka, mtaro au ua. Kwa hiyo waelezeni polisi historia yake: aliishi wapi, alifanya kazi gani, alikuwa akiswali au kusali wapi, alipenda kupita njia gani. Polisi wa Uingereza wana fomu ambayo familia huijaza mapema, mzee akiwa bado nyumbani, yenye habari hizi zote pamoja na picha. Inaitwa Herbert Protocol, kwa kumbukumbu ya askari mstaafu aliyeshiriki kutua Normandy katika Vita vya Pili vya Dunia, ambaye alifariki baada ya kupotea kutoka makao ya wazee. Hakuna kinachokuzuia kuandika karatasi kama hiyo leo na kuiweka droo ya juu.

Kwa mtoto mwenye usonji, nendeni kwenye maji kwanza. Mto, bwawa, kisima, shimo la maji ya mvua. Wengi wao huvutwa na maji, na kuzama ni moja ya sababu kuu za vifo vya watoto hawa wanapotangatanga. Waambieni askari kama anaogopa ving'ora, taa za kuwakawaka au mbwa, kwa sababu msako wenye kelele unaweza kumfanya ajifiche zaidi.

Tuweke tangazo mitandaoni?

Ndiyo, baada ya kuzungumza na mpelelezi. Tangazo zuri lina picha moja iliyo wazi, jina, umri, mavazi, mahali na tarehe alipoonekana mara ya mwisho, na namba ya kituo cha polisi. Acheni jambo moja bila kulitaja: kovu, pete, maandishi ndani ya saa yake. Hilo ndilo mtakalompima nalo kila atakayepiga akidai amemwona.

Maana watapiga. Siku ileile tangazo linapotoka, matapeli huanza: "Ninaye hapa, nitumie nauli." "Yuko hospitali, anahitaji laki moja ya matibabu." Wengine hucheza sauti ya kilio. Msitume chochote kabla ya kumjulisha mpelelezi, hata mkitishwa. Ombeni jibu la swali ambalo aliyepotea peke yake anaweza kulijibu, mfano jina alilokuwa akimwita bibi yake. Andikeni namba na saa ya kila simu, hata zile zinazoonekana za kijinga.

Baadhi ya mambo yasiandikwe hadharani kabisa: uchunguzi wa daktari, historia ya kubakwa, ugomvi wa ndoa. Mtu huyu atarudi, na atayakuta.

Akipatikana, futeni tangazo na mwaombe walioisambaza picha waifute.

Askari amekataa kuandika taarifa yetu.

Tulia, usitukane, na usiondoke. Muulize jina na namba yake ya kazi, kisha omba kuonana na mkuu wa kituo. Sema kwa ufupi hatari iliyopo, si historia nzima. Kama haitoshi, andika barua ya nusu ukurasa yenye tarehe na saa, peleka nakala mbili, na uombe moja igongwe muhuri. Nenda ngazi ya juu, kituo kingine, dawati la jinsia na watoto kama lipo, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya polisi, au taasisi ya haki za binadamu. Wakili mmoja akipiga simu moja, mara nyingi kitabu hufunguka. Msisubiri matokeo ya malalamiko ndipo mwendelee kutafuta. Hayo yaende sambamba.

Tunaamini amechukuliwa na watu wa vyombo vya dola.

Hapo suala limebadilika, na linahitaji wakili siku hiyohiyo. Mtu anapokamatwa na watu wa dola au wanaotumwa nao, kisha ikakanwa kwamba anashikiliwa au ikafichwa alipo, sheria ya kimataifa inaita kutoweshwa kwa nguvu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuwalinda watu wote dhidi ya kitendo hicho ulipitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Desemba 2010. Unazitaka mamlaka zichunguze pale panapokuwa na sababu za msingi za kuamini hivyo, hata kama hakuna malalamiko rasmi yaliyopelekwa, na unatambua haki ya familia kujua ukweli. Kamati inayousimamia hupokea maombi ya dharura ya kumtafuta mtu, dhidi ya nchi zilizouridhia. Mwaka 2019 ilitoa kanuni elekezi za utafutaji, na ya kwanza inasema mtu atafutwe kwa kuamini kwamba yu hai.

Ndani ya nchi, wakili anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya kumtaka anayemshikilia amlete mbele ya hakimu. Kusanyeni majina ya walioshuhudia, namba za magari, saa, mavazi, na maneno yaliyosemwa, mkiyaandika yakiwa bado mabichi. Bado toeni taarifa polisi, hata kama hamuwaamini. Taarifa hiyo na namba yake itahitajika kila mahali mtakapobisha hodi.

Alipotelea nchi nyingine.

Toeni taarifa kwa polisi wa nyumbani, na pia ubalozi wa nchi yenu kule alikokuwa. Polisi wenu, kupitia ofisi ya taifa ya Interpol, shirika la polisi la kimataifa, wanaweza kuomba notisi ya njano, inayosambaza habari za mtu aliyepotea kwa nchi wanachama, ambazo ni 196. Familia haiwezi kuiomba moja kwa moja; muulizeni mpelelezi kama ameomba. Waliotenganishwa na vita, maafa au safari za uhamiaji wana mlango mwingine, nao ni Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, ambao huduma yao ya kutafuta ndugu ilianza katika vita vya Ufaransa na Prussia mwaka 1870 na haitozi malipo.

Mzazi mmoja akimtorosha mtoto nje ya nchi bila ridhaa ya mwenzake, kuna Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980, unaohusu watoto walio chini ya miaka 16. Uliza mapema kama nchi zote mbili ni wanachama, kwa sababu jibu hilo litaamua njia ya kufuata.

Tumeitwa kutazama maiti.

Aende mwenye moyo mgumu kidogo, na asiende peke yake. Mjue pia kwamba kutambua kwa macho kunaweza kukosea, hasa pale mwili umekaa siku nyingi au umeumia. Mwongozo wa Interpol unategemea vitu vitatu vya msingi: alama za vidole, meno, na vinasaba. Mkiwa na shaka, msikubali wala kukataa kwa shinikizo, ombeni kipimo. Ndugu wa karibu, mzazi au mtoto wake, wanaweza kutoa sampuli ya vinasaba ilinganishwe na miili isiyo na jina. Tangu 2021 Interpol ina kanzidata inayolinganisha vinasaba vya ndugu hata kuvuka mipaka ya nchi. Kutoa sampuli si kukiri kwamba amekufa.

Amerudi! Tuwaambie polisi?

Saa hiyohiyo, ili waliomo msakoni wapumzike. Askari atataka kumwona mwenyewe, kuhakikisha hajaumizwa wala hashikiliwi na mtu. Mpeni chakula na nafasi ya kulala kabla ya maswali ya ukoo.

Faili hufungwa lini, na mali yake inakuwaje?

Faili la mtu asiyepatikana halipaswi kufungwa. Hupungua kasi, hubadilisha mikono, na wakati mwingine husahaulika kabatini. Kwa hiyo nendeni mara kwa mara, mkiwa na jambo la kuuliza badala ya kuuliza tu "mmefikia wapi": je, kumbukumbu za simu zilishaletwa? Shahidi fulani alihojiwa? Sampuli imelinganishwa? Mpelelezi akihamishwa, omba jina la aliyepokea jalada. Weka daftari lako la tarehe, majina na majibu.

Mali yake si yenu kugawana. Nchi nyingi zenye mizizi ya sheria ya Kiingereza huruhusu mahakama kumhesabu mtu kuwa amefariki baada ya miaka saba bila habari zake kwa wale ambao wangepaswa kuzipata. Nyingine zina muda tofauti, na maafa kama ajali ya meli yanaweza kufupisha muda huo. Kabla ya hapo, ombeni mahakama imteue msimamizi wa kulipa ada za watoto, kodi na madeni yake. England na Wales zina sheria ya mwaka 2017 inayoruhusu ombi hilo baada ya siku 90. Mtakapokwenda kwa wakili, bebeni namba ile ya taarifa na daftari hilo. Vitu hivyo viwili ndivyo atakavyoviomba kwanza.